Kasha la Umeme la Safari

Mara ya kwanza nilipokwenda Siyu, katika kisiwa cha Pate, kunasa sauti za wazee waliohifadhi tenzi, nilichukua betri kuukuu ya gari na inveta niliyoazima, nikajiona nimekwisha jitayarisha. Lakini usiku wa pili, bibi mmoja akiwa katikati ya utenzi wake, kinasa sauti kikazima, naye kwa adabu kubwa akaendelea hadi ubeti wa mwisho mbele ya chombo kilichokwisha kufa. Aibu ile ndiyo iliyonifanya niunde kasha langu mwenyewe.

Kosa halikuwa la betri, bali la kutofanya hesabu. Betri ya risasi na tindikali, ukitaka idumu, haifai kutumiwa kupita nusu ya akiba yake. Na inveta, inayopandisha volti 12 kuwa 240 ili chaja ipate kuzishusha tena, huutoza umeme ushuru mara mbili kabla haujafika. Basi, kabla ya kwenda dukani, keti na kalamu. Kinasa changu hula wati 3 kwa saa 8, taa wati 6 kwa saa 6, kompyuta wati 45 kwa saa moja: jumla wati-saa 105.

Nilinunua seli nne za lithiamu za fosfeti ya chuma, za ampea-saa 12, kila moja volti 3.2, nikaziunga mfululizo, chanya ya hii kwa hasi ya ile, nikapata volti 12.8, yaani wati-saa 153.6, nami nikitumia asilimia 80 tu, husalia na ziada kidogo. Sharti ziwe na kibao cha ulinzi, cha kukata umeme seli ikipanda kupita volti 3.65 au ikishuka chini ya 2.5, na chaja ya volti 14.6 iliyotengenezwa kwa betri za namna hiyo. Inveta niliiacha kabisa: kompyuta huchajiwa kwa chaja ya gari.

Ama fyuzi, hiyo ya ampea 10 huwekwa jirani kabisa na kichwa cha chanya, wala si huko kwenye matundu ya kuchomekea vyombo, kwa kuwa waya wote uliotangulia fyuzi hauna mlinzi. Fundi mmoja aliniambia najisumbua bure. Ilhali wiki ile ile skrubu ya kifuniko ilichubua nyaya mbili, zikagusana zikapiga shoti, na hasara yangu yote ikawa bei ya fyuzi moja.

Kasha ni la plastiki, lenye mpira kifunikoni, maana mashua ikipita mkondo wa Mkanda, njiani kwenda Pate, maji ya chumvi hayabishi hodi. Viungo vyote hupakwa grisi.

Ukisafiri kwa ndege, kumbuka kwamba betri ya lithiamu iliyozidi wati-saa 100 huhitaji idhini ya shirika la ndege, na iliyozidi 160 abiria haruhusiwi kuichukua. Iombee idhini mapema, ivike vichwa vyake utepe, uiingize nawe ndani, wala usiitie katika mizigo ya chini.