Bustani wakati wa kiangazi

Swali: Niko Kabambare. Kila mwaka, mwezi wa sita hadi wa nane, lengalenga na nyanya nilizopanda kwenye matuta zinanyauka ingawa nazimwagilia kila siku. Nifanye nini?

Jibu: Mama, nadhani tatizo ni tuta, maji unayatoa ya kutosha. Tuta lililoinuliwa linafaa masika. Kiangazi linakauka upesi. Shuka bondeni, karibu na kijito, ulime kitalu kilichozama kidogo chini ya usawa wa ardhi, kingo zikizuia maji yasikimbie. Tandaza majani makavu yasiyo na mbegu, ukiacha nafasi kuzunguka shina.

Mwagilia asubuhi, shinani, maji mengi polepole: ukinyunyiza juu juu, mizizi haishuki. Jani la nyanya likilala na maji, ugonjwa unakaribishwa. Kabla ya kurudia, chimba kwa kidole. Udongo ukiwa na unyevu, pumzisha mgongo. Miche hamisha jioni, uifunike kwa makuti siku chache.

Lengalenga usiing'oe. Ikate juu ya macho ya chini, itachipua tena. Na jenga uzio mapema, maana kiangazi mbuzi wote wa kijiji wanajua penye kijani ni kwako.