Kitenzi -tenga katika Sheria za Ardhi na Nishati ya Upepo: Kutoka Makongeni hadi Marsabit

Makala haya yanachunguza kitenzi kimoja, -tenga, jinsi kinavyotumika pale sheria inapozungumzia ardhi ya mitambo ya upepo. Makongeni, mtaa wa mji wa Thika, ni mahali pafaapo kuanzia. Jina lenyewe limeundwa kwa nomino makonge na kiambishi tamati cha mahali -ni, nalo linatukumbusha mashamba makubwa ya mkonge ya Thika na Ruiru enzi za ukoloni. Leo umeme wa mtaa huo hutoka katika gridi ya taifa, na sehemu ya umeme wa gridi hiyo huzalishwa kwa upepo wa Loiyangalani, Kaunti ya Marsabit. Mkazi wa Makongeni awashapo taa anahusika, japo kwa mbali, na ardhi iliyotengwa huko kaskazini.

Katika Kiswahili, -tenga ni kuweka kando kwa kusudi maalumu: fedha hutengwa, chumba cha mgeni hutengwa. Lakini mtu pia hutengwa na jamaa zake, na wanandoa hutengana. Maana hizi mbili, ya kutunza na ya kubagua, haziachani kwa urahisi.

Chini ya Sheria ya Ardhi ya Amana (Sura ya 288), mtendaji wa kitenzi hiki alikuwa halmashauri. Kweli, sheria ilidai wakazi wasikizwe, tangazo litolewe na fidia ilipwe. Hata hivyo, uamuzi ulikuwa wa madiwani. Hivyo ndivyo Halmashauri ya Kaunti ya Marsabit ilivyotoa ekari 150,000 kwa mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, wenye mitambo 365 na uwezo wa megawati 310. Mitambo yenyewe ilihitaji takriban ekari 40,000 tu. Baadhi ya wakazi walishtaki mwaka 2014. Mwezi Oktoba 2021, Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Meru iliamua kwamba hati miliki za ardhi hiyo zilipatikana kinyume cha utaratibu na sheria, ikatoa mwaka mmoja kasoro zirekebishwe. Mitambo ilikuwa imekwisha kuzinduliwa mwaka 2019.

Katiba ya 2010, katika Ibara ya 63, iliikabidhi jamii ardhi yake. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 ikabadilisha hata sarufi ya jambo hili: sasa ni jamii inayoweza kutenga sehemu ya ardhi yake kwa matumizi ya umma, na mkataba wa mwekezaji haufai mpaka uidhinishwe na theluthi mbili ya watu wazima wa jamii hiyo mkutanoni. Aliyekuwa mtendwa amekuwa mtenda. Mabadiliko haya ni makubwa kuliko yanavyosemwa madarasani, ambako sheria huachiwa wanasheria.

Kwingineko kitenzi hiki huambatana na tarakimu. Nchini Ujerumani, sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Februari 2023 inayalazimu majimbo kutenga asilimia 1.4 ya ardhi ya nchi kwa nishati ya upepo kufikia mwisho wa 2027, na asilimia 2 kufikia mwisho wa 2032. Kila jimbo limepangiwa kiwango chake. Sheria ya Nishati ya Kenya ya 2019 haikufika huko. Inaitaka kila kaunti, Kiambu ikiwemo, iandae mpango wake wa nishati, bila kuiwekea asilimia ya ardhi. Pengine ni heri, maana pale ambapo umiliki wenyewe bado unabishaniwa kortini, asilimia ingewapa maofisa haraka tu.

Mipango hiyo itahitaji kuelezwa kwa Kiswahili, lugha ya taifa na lugha rasmi kwa mujibu wa Ibara ya 7, na wengi wa watakaofasiri ni wanafunzi wa idara zetu. Mfasiri atakayeandika “eneo limetengwa” atakuwa ametaja tendo na kumficha mtendaji. Atakayeandika “jamii imeitengea mitambo ya upepo eneo hili” itambidi kwanza aulize mkutano ulifanyika lini, na kama theluthi mbili walikubali.