Kazi ya Kutunza Kiwanja cha Shule

Watu wengi hudhani kwamba mtu aliyeajiriwa kutunza kiwanja cha shule hana kazi ila kufyeka majani na kuchoma takataka. Husema kwamba yeyote mwenye fyekeo na nguvu za mkono aweza kuifanya. Mimi nami nilidhani hivyo nilipoianza kazi hii katika shule moja ya nyanda za juu za Kenya, na kwa dhana hiyo mtoto mmoja alivunjika mguu.

Ilikuwa Ijumaa jioni. Nilikuwa nikirudisha vyombo stoo, nikaona karibu na pembe ya kiwanja shimo la fuko, lisilozidi upana wa sahani. Nikajiambia, "Nitalifukia Jumatatu." Kesho yake ilikuwa siku ya mchezo na shule ya jirani. Mvulana mmoja wa darasa la sita alikuwa akiukimbilia mpira, mguu wake ukaingia katika shimo lile, na mfupa wa muundi ukavunjika. Jumapili mama yake alikuja shuleni. Hakugomba wala hakulia. Aliniomba nimwonyeshe mahali mwanawe alipoanguka, akalitazama shimo, kisha akauliza, "Mzee, shimo hili ulikuwa umeliona?"

Sikuweza kusema kwamba sikuliona. Mvulana alipona baada ya miezi kadhaa, lakini mwaka ule hakucheza tena. Swali la mama yake ndilo lililonifundisha kazi yangu, na mafunzo yafuatayo nimeyapata kwa sababu yake.

1. Kukikagua kiwanja kila asubuhi

Kabla watoto hawajafika, mtunza kiwanja na akitembee chote, kwenda na kurudi, kama mtu alimaye shamba mstari kwa mstari. Na achukue ndoo ya udongo mkononi. Akiona shimo, na alifukie pale pale, aushindilie udongo kwa mguu, kisha aongeze mwingine, maana udongo uliotiwa bila kushindiliwa hutitia mvua inyeshapo. Aokote vipande vya chupa, misumari na mawe. Ang'oe mbigili pamoja na mizizi yake kabla haijazaa, kwa kuwa watoto wengi hucheza bila viatu.

Atazame pia kando ya kiwanja. Majani marefu huficha nyoka, hasa kifutu, ambaye hakimbii asikiapo miguu ya watu bali hulala kimya mpaka akanyagwe. Mkebe au gurudumu kuukuu lililotupwa hujaa maji, na mbu huzaliana humo. Kazi hii ya asubuhi haizidi nusu saa, nayo ina faida kuliko kazi nyingine zote za siku.

2. Maji yasipoongozwa hubeba udongo

Shule nyingi za bara zimejengwa juu ya miteremko. Mvua za masika zinyeshapo, tangu Machi hata Mei, maji hushuka kwa nguvu na kupita katikati ya kiwanja. Mwaka wa kwanza huacha mfereji mwembamba kama kidole. Mwaka wa pili mfereji huo waweza kuwa na upana wa jembe, na mwaka wa tatu mpira hauchezeki tena hapo. Ndiyo maana wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Dawa yake ni kuchimba mtaro upande wa juu wa kiwanja kabla ya mvua kuanza, ili maji yakingwe na kuongozwa pembeni. Mtaro usiwe na mteremko mkali, maana maji yaendayo mbio hula udongo. Ukingo wake wa chini upandwe majani. Na maji ya mvua yatokayo katika mapaa ya madarasa yasiachwe kumwagikia kiwanjani. Yakingwe katika tangi, nayo yatatumika kumwagilia majani wakati wa kiangazi.

Kiwanja chenyewe hakifai kuwa tambarare kabisa kama meza. Katikati na painuke kidogo kuliko kandokando, yaani kiasi cha sentimita 1 kwa kila metre 1, ili maji yapate njia ya kutoka. Tena mchezo usichezwe kiwanja kikiwa kimejaa maji. Kanyaga kwa kisigino: maji yakitoka juu, mwambie Mwalimu Mkuu kwamba leo kiwanja kipumzike. Mchezo mmoja katika matope huharibu kazi ya miezi mingi.

3. Majani

Katika nchi ya juu yenye baridi, hakuna majani yanayoshinda yale yaitwayo majani ya Kikuyu. Haya ni majani ya kwetu Afrika Mashariki. Yalipelekwa nchi za mbali, kama Australia, na huko hutumika katika viwanja vya michezo na malisho. Hutambaa, hushika udongo kwa mizizi mingi, na hustahimili miguu ya watu. Lakini katika Pwani yenye joto na udongo wa mchanga hayastawi vizuri. Huko ni afadhali kupanda majani mengine mafupi yatambaayo ambayo yamezoea jua.

Majani haya hupandwa kwa vipande vya mashina yake yanayotambaa. Vunja udongo vizuri, tia samadi iliyooza, kisha panda vipande hivyo kwa nafasi ya sentimita 30 mvua zinapoanza. Watoto wasikanyage hapo mpaka majani yafunike udongo.

Katika kukata, kosa kubwa ni kuyaacha majani yarefuke hata yafike magotini, kisha kuyafyeka mpaka udongo uonekane. Majani yaliyotendewa hivyo hudhoofika, na magugu huingia mahali pake. Kanuni ni hii: usikate kwa mara moja zaidi ya theluthi moja ya urefu wake. Kwa mpira wa miguu, majani ya urefu wa sentimita 3 hata 5 yafaa sana. Wakati wa mvua utakata mara nyingi, na wakati wa jua kali utakata mara chache na kuyaacha marefu kidogo.

Mbele ya magoli ndipo pachakaapo kwanza, hasa katika shule za mjini ambako watoto ni wengi na ardhi ni ndogo. Udongo hapo hugandamana kama sakafu, wala maji hayapenyi. Choma mashimo kwa uma wa bustani, kina cha sentimita 10, nyunyiza mchanga na samadi laini, kisha panda tena majani wakati wa likizo. Mazoezi ya kila siku yafanywe pembeni, ili kiwanja chenyewe kipate kupumua.

Na ikiwa watu wa kijiji wamefanya njia katikati ya kiwanja, usianze kugombana nao. Nenda na mwalimu mkazungumze na wazee, mkubaliane njia nyingine, kisha pandeni ua mahali pa ile ya zamani. Ng'ombe pia hufukuzwa kwa ua na mapatano, si kwa mawe.

4. Kupima na kuchora mistari

Kiwanja cha mpira chaweza kuwa na urefu wa metre 90 na upana wa metre 60. Ili pembe ziwe sawasawa, chukua kamba yenye mafundo 13, yaani nafasi 12 zilizo sawa. Fundo la kwanza na la mwisho na yakutane katika kigingi kimoja. Vuta kamba iwe na pande tatu: nafasi 3, nafasi 4 na nafasi 5. Pembe iliyo kati ya upande wa 3 na upande wa 4 ndiyo pembe mraba. Ukimaliza kutia vigingi vinne, pima kutoka pembe hata pembe kwa mshazari. Vipimo viwili hivyo lazima vilingane, kila kimoja metre 108 na sentimita 17. Visipolingana, rudia.

Goli huwa na upana wa metre 7 na sentimita 32, na kimo cha metre 2 na sentimita 44. Alama ya penalti ni metre 11 kutoka mstari wa goli. Eneo la penalti hupimwa metre 16 na nusu kutoka kila mlingoti, na metre 16 na nusu kuingia kiwanjani. Duara la katikati lina nusu kipenyo cha metre 9 na sentimita 15. Funga kamba ya urefu huo katika kigingi na ulizungushe.

Angalia sana jambo la chokaa. Chokaa kali huunguza ngozi na yaweza kupofusha macho, na mtoto aangukaye juu ya mstari hana kinga. Tumia rangi nyeupe ya maji. Kamwe usichore mistari kwa dawa ya kuulia magugu wala kwa mafuta machafu ya motokaa.

5. Milingoti ya goli

Goli likianguka laweza kumwua mtoto. Mlingoti wa mti huliwa na mchwa pale pale unapoingia ardhini, huku juu ukionekana mzima. Kila juma usukume kwa nguvu zako zote. Ukitikisika, mchezo usiwepo mpaka ubadilishwe. Mlingoti na uingie ardhini si chini ya sentimita 60. Magoli ya chuma yanayohamishwa yafungwe imara kwa vigingi, nayo yasipotumika yalazwe au yafungwe pamoja. Wakataze watoto kuning'inia juu yake.

6. Mtunzaji mwenyewe

Vaa viatu vizito ufyekapo, na usikubali mtoto akukaribie. Noa vyombo, uvisafishe, uvihesabu jioni, kisha ufunge stoo. Uwe na daftari: andika ulichokiona, ulichokitengeneza na ulichoomba ununuliwe. Kwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, Bodi ya Usimamizi ndiyo huajiri wafanyakazi wa shule wasio walimu. Bodi husikiliza zaidi maneno yaliyoandikwa pamoja na tarehe zake. Ukiumia kazini, toa habari mara moja, maana Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya mwaka 2007 yakuhusu wewe pia.

Nawe mwalimu, na wewe mzazi, mtambueni mtu huyu. Mtoto akimbiaye kwa furaha hatazami chini, kwa kuwa anaamini kwamba kuna mtu aliyekwisha kutazama kwa niaba yake. Mimi sasa nikiona shimo siku ya Ijumaa, hulifukia Ijumaa, hata kama jua limekwisha kutua na yanipasa kuwasha taa.