Tuwasimulieje Wadogo Wetu Maandiko Matakatifu?

Wazazi wengi Wakristo hudhani ya kuwa kuwafundisha watoto wadogo habari za Mungu ni kazi ya katekista, ya masista, na ya walezi wa Utoto Mtakatifu. Mtoto huvikwa sare yake safi siku ya Dominika, huimba na kucheza mbele ya altare, na moyo wa mzazi huridhika. Hayo hatuyadharau hata kidogo. Shirika la Utoto Mtakatifu, lililoanzishwa nchini Ufaransa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson, limewalea Wakristo wengi wa nchi yetu. Lakini katekista anakaa na mtoto wa miaka minne muda mfupi tu kwa juma, tena mtoto huyo akiwa mmoja kati ya kundi kubwa. Siku zote zilizobaki yuko nyumbani. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya malezi ya Kikristo, ulifundisha wazi kwamba wazazi ndio walimu wa kwanza wa watoto wao. Jambo hilo twalisikia mara nyingi katika mahubiri. Jinsi ya kulitenda, jioni, nyumbani, baada ya kazi, ndiyo tunayotaka kuieleza leo.

Shida yenyewe si mpya. Mnamo mwaka 400 hivi, shemasi mmoja wa Karthago, jina lake Deogratias (nasi twawajua akina Deogratias wangapi katika parokia zetu!), alimlalamikia Mtakatifu Augustino, Askofu wa Hippo, Mwafrika mwenzake, kwamba anapowafundisha wanaoanza dini, maneno yake humchosha hata yeye mwenyewe. Augustino alimjibu kwa kitabu kizima. Alimshauri asikimbie kupitia habari zote za Maandiko, bali achague zile za ajabu zaidi, akae nazo, azifungue polepole ili zitazamwe vizuri. Alimkumbusha pia kwamba msikilizaji aliyechoka kusimama apewe kiti, na kwamba furaha ya mwalimu ina nguvu kubwa kwa wanaomsikiliza. Naye alikuwa akisema habari za watu wazima. Ikiwa mtu mzima achoka, mtoto wa chekechea je?

Sisi wenyewe sanaa ya kusimulia tunayo tangu kale. Kwenye miteremko ya Mlima Meru, toka Ilboru hata Poli na Nkoaranga, bibi aweza kuwashika wajukuu wake kwa hadithi ya Sungura na Fisi hata wasahau usingizi. Atabadili sauti, atachechemea kama Fisi, atanyamaza mahali pa hatari. Lakini mpe Biblia mkononi, mara ataanza kusoma kama karani asomaye hati ya baraza. Kwa nini? Heshima ya Neno la Mungu haitaki sauti ya kuchosha. Mzazi na aisome habari mwenyewe kwanza, aijue, kisha afunge kitabu na kuisimulia kwa lugha ile ile ambayo mtoto huitumia kumwomba maji: iwe Kiswahili, Kimeru, Kiarusha au Kichaga.

Hata hivyo kuna jambo moja la kuangaliwa sana. Tusianze habari za Maandiko kwa “Paukwa! – Pakawa!” Mwito huo humwambia mtoto kwamba yatakayofuata ni ya kuburudisha, wala hakuna aaminiye kwamba Sungura alisema. Mtoto mwenye akili atamweka Yesu katika kapu moja na Sungura, na siku atakapokua na kulitupa kapu, atavitupa vyote viwili. Yafaa basi tuwe na mlango mwingine wa kuingilia. Washa mshumaa, weka Biblia juu ya kitambaa safi hata kama huisomi usiku huo, fanyeni wote ishara ya msalaba, ukasema: “Habari hii imeandikwa katika kitabu hiki.” Na ikiwa ni mfano, mwambie mtoto ni nani aliyeutoa: “Siku moja Yesu aliwapa watu mfano huu.” Baada ya majuma machache mtoto mwenyewe ndiye atakayekwenda kukileta kitambaa.

Sasa tuje kwenye michezo. Wengine huiona kuwa ni kupoteza wakati, na wengine huiongeza mwishoni kama sukari ya kufichia uchungu wa dawa. Wote wawili twaona wamekosea. Mtoto mdogo hufahamu kwa mikono yake. Mchezo mzuri ni ile habari yenyewe ikishikwa kwa vidole. Na mchezo usiohusiana na habari, hata ukimchekesha mtoto namna gani, humsahaulisha alichosikia.

Chukua mfano wa kondoo aliyepotea, katika Injili ya Luka, sura ya 15. Huhitaji kununua kitu. Hesabuni pamoja maharage mia moja. Waacheni watoto wahesabu wenyewe, maana hesabu ndefu ndiyo itakayowaonyesha wingi wa kundi. Panga mawe kuwa zizi. Kisha mmoja afumbe macho, na harage moja lifichwe: chini ya mkeka, nyuma ya sufuria, popote. Hesabuni tena: tisini na tisa. Hapo ndipo simulizi lianze, naye mtoto akitafuta, mzazi asimulie jinsi mchungaji alivyopita makorongoni na vichakani akiita. Asimsaidie upesi mno. Harage likionekana, libebwe begani, na wote washangilie, tena kiwepo kitu cha kula, kikombe cha chai au ndizi iliyochomwa, kwa sababu katika Injili mchungaji anawaita rafiki na jirani wafurahi pamoja naye. Asiwepo wa kuchekwa kwa kuchelewa kuona, wala wa kuchapwa kwa kumwaga maharage. Tumesikia mara nyingi mfano huu ukisimuliwa ili kuwatisha watoto wasitoroke nyumbani. Huko ni kuupindua. Yesu hakusimulia adhabu ya kondoo.

Uwe tayari kwa swali. Watoto wanaochunga mbuzi na kondoo huko Oldonyo Sambu au Monduli watauliza mara moja: wale tisini na tisa waliachiwa nani, na fisi je? Swali hilo ni la wachungaji wa kweli, na wasikilizaji wa Yesu, waliojua mifugo, bila shaka waliwaza vivyo hivyo. Usilinyamazishe. Mwulize mtoto angefanyaje yeye, kisha mwambie kwamba Yesu alitaka tushangae jinsi Mungu anavyompenda hata mmoja.

Habari ya Zakayo ni nyepesi zaidi. Mkuyu alioupanda mtoza ushuru yule si mti wa ng'ambo. Miti ya jamii hiyo imesimama kando ya mito yetu. Wapelekeni watoto chini yake, mmoja asimame juu ya jiwe au shina, mwingine aite: “Zakayo, shuka upesi!” Basi, yatosha. Kwa habari ya kuumbwa ulimwengu pia, mtoto wa Arusha ana kitabu kikubwa mlangoni pake: Mlima Meru ukitoka mawinguni asubuhi, na heroe katika maziwa ya Momella. Na ataje mwenyewe alivyoviona, kisha aseme pamoja nanyi kwamba Mungu aliona ni vyema.

Lakini si kila habari ni nyepesi, na hapa twaomba wazazi watusikilize kwa uangalifu. Habari ya Nuhu hupendwa sana na walimu wa watoto, kwa ajili ya wanyama wawili wawili na safina. Watoto hufinyanga twiga na tembo kwa udongo, wakafurahi. Ila watoto wetu wameyaona maji. Mwezi wa Desemba 2023 maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang, katika Mkoa jirani wa Manyara, yaliwaua watu wengi huko Katesh. Mwezi wa Aprili 2024, hapa hapa jijini Arusha, gari la wanafunzi lilisombwa na maji ya korongo wakati wa mvua kubwa, na watoto wakafa. Mtoto aliyesikia habari hizo, au aliyempoteza mwenzake wa darasani, hatacheka ukimwambia kwamba maji yaliwafunika watu wote kwa sababu ya dhambi zao. Atanyamaza. Usiku atajiuliza rafiki yake alikosa nini.

Mzazi anayenyamaza mbele ya swali hilo ameliacha lijibiwe na hofu. Jibu tunalo katika Injili. Mnara wa Siloamu ulipowaangukia watu kumi na wanane, Yesu aliuliza kama walikuwa wakosaji kuliko wenyeji wengine wa Yerusalemu, akajibu mwenyewe: sivyo (Luka 13). Mwambie mtoto maneno hayo bila kuzunguka. Mwambie kwamba rafiki yake hakuadhibiwa, kwamba tunamwombea, na kwamba tunamtumaini Mungu kwa ajili yake. Kisha habari ya Nuhu, ikisimuliwa, isimuliwe kuelekea upinde wa mvua, kwa maana ndiko Maandiko yenyewe yanakoielekeza: Mungu anaweka agano na kila kilicho hai. Mchezo wake uwe upinde huo. Watoto wauchore kwa mkaa, majani mabichi na manjano ya jikoni, na mvua za masika zitakapokoma alasiri, watoke nje wautafute juu ya mlima. Mwaka ambao msiba umeingia nyumbani au shuleni, hatuoni ubaya kuiacha habari hii kabisa. Biblia ni kubwa.

Kadhalika sadaka ya Isaka ingoje. Mtoto wa miaka mitano akisikia ya kwamba baba alichukua kisu, hasikii tena yaliyofuata.

Kwa watoto wakubwa kidogo, wa miaka minane au tisa, tuna mahali karibu panapofundisha kuliko picha nyingi. Huko Tengeru, kuanzia mwaka 1942, waliwekwa wakimbizi wa Kipoland wapatao 5,000, wengi wao akina mama na watoto. Walikuwa wamehamishwa kwa nguvu kupelekwa ndani ya Urusi ya Kisovieti, wakatoka kupitia Uajemi, wakafika Afrika ya Mashariki kwa meli. Walijenga kanisa, wakawa na shule, wakakaa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Makaburi yao yangaliko na yanatunzwa. Simulieni kwanza jinsi Yosefu alivyoamka usiku akamchukua Mtoto na Mama yake kukimbilia Misri. Kisha, mwezi wa Novemba tunapowaombea marehemu, wapelekeni watoto pale, kila mmoja na ua lake. Wasomewe jina moja au mawili yaliyoandikwa juu ya mawe, nao waseme sala ya marehemu. Hawatauliza tena kama habari za Herode ni za zamani sana.

Muda wa haya yote uwe mfupi. Robo saa kwa wadogo yatosha, mara moja au mbili kwa juma, na habari ile ile irudiwe hata mara tatu, kwa maana watoto hupenda kuyasikia wanayoyajua, na humsahihisha msimuliaji akiruka neno. Mtoto akipiga miayo, zima mshumaa. Baba asiseme kwamba kazi hii ni ya mama. Na akiulizwa asilolijua, aseme waziwazi: “Sijui, tutamwuliza Padre Dominika.” Dominika ikifika, amwulize kweli, mtoto akiwa amesimama kando yake.