Bei ni Moja, Gharama ni Nyingine

Mara nyingi fedha ya nyumbani huondoka mia tano mia tano: bando la asubuhi, mafuta ya kupima, soda ya mchana, makato ya kutoa pesa kwenye simu. Ukiulizwa mwisho wa mwezi zimekwenda wapi, huna jibu. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukimwaga vilevile. Kwa hiyo kabla ya kulipa, usiangalie bei peke yake. Zidisha kwa mara utakazonunua. Shilingi 1,000 za kila siku ni 30,000 kwa mwezi na 365,000 kwa mwaka.

Vya kupima na vya jumla

Mkaa wa kopo na sabuni ya kipande humfaa mwenye fedha ya siku, lakini ukilinganisha na gunia au mche mzima, kwa kawaida hugharimu zaidi. Hata hivyo, si kila kitu ni cha kununua kwa wingi. Chagua vile ambavyo haviozi na havitumiki ovyo kwa sababu vipo, kama sabuni na chumvi. Sukari ikijaa kabatini, chai nayo huzidi utamu. Kama fedha ya gunia la mchele haitoshi, changeni majirani watatu, mgawane kwa mizani.

Mitumba na simu

Nguo ya mtumba igeuze ndani nje. Kagua makwapa, mishono na zipu, kisha iinue kwenye mwanga uone kama kitambaa kimechakaa. Shati la bei poa litakalochanika baada ya kufuliwa mara mbili ni ghali.

Kwa simu, hapa Tanzania bonyeza *#06# ukiwa bado dukani. Itatokea namba ya IMEI yenye tarakimu 15. Itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090. Jibu likitaja aina tofauti na simu uliyoshika, irudishe kwa muuzaji. Simu bandia zilizimwa nchini tarehe 16 Juni 2016, na waliozinunua ndio waliopata hasara. Dai risiti pia.

Mkopo

Usiulize tu utalipa kiasi gani kwa siku. Uliza jumla ya marejesho, muda, ada na faini ya kuchelewa. Tuseme umekopa 300,000 kwa mwezi mmoja. Kwa riba ya asilimia 3.5 utaongeza 10,500. Kwa asilimia 30, ambayo kwenye mikopo ya kausha damu si ajabu, utaongeza 90,000. Mkopeshaji awe na leseni, na mkataba usome kabla ya kuweka sahihi. Mkopo wa cherehani unaweza kujilipa. Mkopo wa sare ya harusi utaulipa wewe.

Michango na starehe

Kadi ya mchango haikatazwi, maana kesho nawe utachangiwa. Ila panga mwanzoni mwa mwezi kiasi cha michango yote, na uahidi kile utakachotimiza.

Starehe nayo ipewe fungu lake. Kahawa na kashata barazani, chipsi za Jumamosi na watoto, tiketi ya mpira: anayejinyima vyote hivi mara nyingi huchoka, siku moja akatumia vya mwezi mzima. Tenga kiasi, kiweke mbali na fedha ya kodi na ada, kikiisha subiri mwezi ujao. Bora uchague starehe mbili unazozipenda kweli kuliko kumi za kufuata mkumbo.

Anza wiki hii. Chukua daftari, andika kila shilingi inayotoka kwa siku 7, hata ya pipi. Kisha kaeni na mwenzako, mkate matumizi ambayo hakuna kati yenu atakayeyakumbuka kesho yake.