Kokoto Tele, Maji Hayaondoki

SWALI: Tumenunua shamba kusini mwa Michigan, Marekani. Chini kuna kokoto tupu, lakini kila masika shamba linatuama maji. Inawezekanaje?

JIBU: Ndugu yangu, kokoto hazina kosa. Zinapitisha maji vizuri sana, ila maji hayana pa kwenda. Barafu kuu ilipoyeyuka huko, zaidi ya miaka 12,000 iliyopita, mito yake ilimwaga mchanga na kokoto mabondeni. Udongo wa aina ya Sebewa, unaopatikana sana Michigan, ulizaliwa hivyo: tifutifu nyeusi juu, kisha mchanga na kokoto kuanzia kama sentimita 50 hadi 100 kwenda chini. Sehemu zikiwa bondeni, maji ya ardhini hupanda hadi karibu na uso wa ardhi.

Chimba shimo uone. Chini ya tabaka jeusi utakuta udongo wa kijivu wenye madoa ya rangi ya kutu. Ndiyo alama ya chuma kilichokosa hewa kwa miezi mingi. Maji yatachuruzika kutoka ubavuni, na kuta za kokoto zitaporomoka, kwa hiyo usiingie ndani.

Mabomba yenye matundu yakifukiwa ili kuondoa maji hayo, mahindi na soya hustawi. Lakini uliza kwanza ofisi ya kilimo: tangu 1985, anayekausha ardhioevu ili alime anaweza kunyimwa ruzuku ya serikali. Na mbolea itie kidogo kidogo, tafadhali. Kokoto hazichuji naitreti, na kisima chenu kinakunywa maji hayohayo.