Mafunzo Niliyopata Nikisoma Fasihi ya Kiingereza

Walimu vijana wa Kibaha wanaotaka kusoma Shahada ya Uzamili katika fasihi ya Kiingereza hunijia na swali moja: waanze na nadharia ipi? Nilifundisha sekondari Kisarawe, nikasoma Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na sasa naishi Kibaha. Ninayowaambia ndiyo haya, na mengine natamani ningeambiwa mapema.

1. Riwaya kwanza, wahakiki baadaye

Rasimu ya kwanza ya pendekezo langu la utafiti ilihusu Paradise, riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994. Kurasa za mwanzo zilijaa Said, Spivak na Bhabha. Yusuf mwenyewe, mtoto anayetolewa na baba yake kwa tajiri Aziz kufidia deni, alijitokeza karibu na mwisho. Msimamizi wangu aliisoma yote, akaiweka mezani, akauliza: "Mwalimu, ni ukurasa gani uliokunyima usingizi?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimewasoma wahakiki wa riwaya kuliko riwaya yenyewe.

Tangu hapo nasoma kitabu chote nikiwa na daftari pembeni. Naandika pale nilipochoka, niliposhtuka na nilipotilia shaka, pamoja na namba ya ukurasa. Daftari likishajaa ndipo nafungua wahakiki. Ukianza na wao, utayaona waliyoyaona wao tu.

2. Jirani anaweza kukuzidi kusoma

Wengi wameiweka Paradise kando ya Heart of Darkness ya Conrad, ya mwaka 1899, kwa sababu ya msafara wa Aziz kwenda bara. Ni ulinganisho wenye haki yake, na nilikuwa tayari kuuandikia tasnifu nzima. Kisha jioni moja Kisarawe nilimsimulia hadithi hiyo jirani yangu, bibi aliyekuwa akifundisha watoto Kurani. Nilipofika pale Yusuf anapomkimbia mke wa tajiri, naye akimshika shati, bibi alinikatiza: "Mwanangu, lilichanika mbele au nyuma?"

Nyuma. Alijua kabla sijasema.

Mimi nimelelewa kanisani. Yusufu niliyemjua ni wa kitabu cha Mwanzo, yule anayeliacha vazi mikononi mwa mwanamke. Nguo iliyochanika nyuma, ikawa ushahidi kwamba kijana hana hatia, imo katika Sura Yusuf. Hata jina la Aziz linatoka huko, na mke wa tajiri riwayani anaitwa Zulekha, jina ambalo mapokeo ya Kiislamu humpa yule bibi wa Misri. Usiku ule niliirudia riwaya kama kitabu kipya. Yusuf wa Kurani anafika mwisho akiwa na madaraka Misri. Yusuf wa Gurnah anaishia kulikimbilia jeshi la Wajerumani na askari wake, vita vikikaribia. Mwandishi ametupa ahadi ya hadithi tunayoijua, kisha akatunyima mwisho wake. Hapo ndipo uchungu wa kitabu ulipo, na hapo ndipo tasnifu yangu ilipoanzia.

Uliyoyasikia madrasani, kanisani na msibani ni elimu halali ya mhakiki, mradi uithibitishe kwa maneno yaliyomo kitabuni. Kuisikiliza fasihi ya Kiingereza kwa sikio la hapa si jambo geni kwenye vilima vya Kisarawe: Mwalimu Nyerere alifundisha Pugu, jirani na Kisarawe, hadi 1955, na 1963 ikatoka tafsiri yake ya Julius Caesar ya Shakespeare.

3. Kila nadharia ilianza na mtu aliyekerwa

Niliziogopa nadharia mpaka nilipoanza kuuliza zilimjibu nani. Mwaka 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba waliandika waraka Nairobi wakitaka Idara ya Kiingereza ifutwe, ili fasihi ya Afrika ikae katikati ya masomo. Gurnah, miaka mingi kabla ya Nobeli yake ya 2021, aliandika tasnifu ya uzamivu Kent, 1982, kuhusu vigezo vinavyotumika kuhakiki riwaya za Afrika Magharibi. Miaka mitatu baadaye Euphrase Kezilahabi akaandika ya kwake Wisconsin kuhusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Mmoja wa Unguja, mwingine wa Ukerewe, na wote wawili wanauliza kazi zetu zipimwe kwa kipimo cha nani. Tafuta kinachokukera namna hiyo. Nadharia utakayoihitaji utaijua ukishalipata swali.

4. Foleni ya Barabara ya Morogoro haina huruma

Andika alfajiri nyumbani. Siku ya kwenda Mlimani iwe ya kusoma vitabu visivyoazimwa na kumwona msimamizi. Usijiahidi kuandika jioni ukirudi, hutaandika.

5. Rafu yetu ya Kiingereza haijamalizwa

Nilidhani mambo ya kuandikia yameisha. Kumbe riwaya za Kiingereza za Watanzania wa kizazi cha uhuru ni chache, na bado zina mengi ya kusemwa. Peter Palangyo alitoa Dying in the Sun mwaka 1968, ambamo Ntanya anarudi kwa baba yake anayekufa. Ismael Mbise, katika Blood on Our Land ya 1974, alisimulia Wameru walivyohamishwa kwenye ardhi yao. Gabriel Ruhumbika alitoa Village in Uhuru mwaka 1969, kisha akageukia Kiswahili na kutupa Miradi Bubu ya Wazalendo. Je, macho yake juu ya kijiji na serikali yalibadilika alipobadili lugha? Anayetaka kulifuatilia swali hilo atahitaji kuzisoma zote mbili kwa pamoja. Nakala yangu ya Village in Uhuru iko hapa Kibaha, aje aichukue.